NYUZI ZA GITA LA UMEME: ZA BEI NAFUU AU ZENYE JINA?

Somo la wiki kwa mwenye duka na mwekezaji mdogo wa Lumuma, Kilosa na Mikumi

Bonde la Lumuma linafahamika kwa vitunguu. Vitunguu vikiuzwa, fedha huzunguka, na mwenye duka hufunga safari ya Kilosa, Morogoro au Kariakoo kujaza rafu. Sukari, sabuni na betri hazimpi shida kwani mahitaji yake yanajulikana. Shida huanzia kwenye bidhaa ndogo ambazo mteja huuliza mara moja moja, na ambazo muuzaji wa jumla anazo za bei mbili zinazotofautiana mno. Nyuzi za gita la umeme ni mojawapo.

Pakiti moja ya nyuzi ni kitu kidogo na chepesi. Hata hivyo, ndani yake lipo somo zima la biashara: bei ya kununulia, muda wa matumizi, gharama ya safari, bidhaa bandia, na sifa ya duka. Mwenye duka akikosea hapa atapoteza elfu chache tu. Akikosea kwa namna hiyo hiyo kwenye mbegu, dawa za mimea au vipuri vya pampu, atapoteza mtaji. Ndiyo maana inafaa hesabu hii ifanywe kwa makini.

Kutoka uhaba hadi wingi

Mkoa wa Morogoro si mgeni wa gita. Mji wa Morogoro ndio uliokuwa makao ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah na ya Morogoro Jazz, bendi iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwaka 1979, lakini upigaji wake wa solo bado ni kipimo kwa vijana wengi wanaoshika gita.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni, na vitu vya muziki havikuwa kwenye orodha ya mahitaji ya lazima. Uzi ukikatika, mpigaji aliufunga fundo akaendelea. Vijana waliotengeneza magita yao wenyewe kwa mbao na bati walitumia waya wa breki za baiskeli. Milango ilianza kufunguliwa mwaka 1984, pale wafanyabiashara waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na ikafunguka zaidi kuanzia 1986.

Leo hali imegeuka. Zamani mteja aliuliza, "Nyuzi zipo?" Siku hizi anauliza, "Zipi nzuri?" Mwenye duka asiye na jibu la swali hilo la pili hupoteza mteja hata kama rafu imejaa.

Kilichomo ndani ya pakiti

Gita la kawaida lina nyuzi sita. Tatu nyembamba ni waya mtupu wa chuma kigumu chenye kaboni nyingi, uliopakwa bati kuzuia kutu. Tatu nene zina kiini cha waya wa namna hiyo, kisha juu yake umezungushiwa waya mwingine, ambao kwa nyuzi nyingi za umeme ni chuma kilichopakwa nikeli. Kiini mara nyingi huwa na pembe sita ili waya wa juu ushike usiteleze.

Gita la umeme husikika kwa sababu sumaku zilizo chini ya nyuzi hunasa mtetemo wa chuma. Uzi wa nailoni wa gita la kawaida haunaswi na sumaku hizo, kwa hiyo hautoi sauti kwenye spika. Mwenye duka anayechanganya pakiti hizi mbili atarudishiwa bidhaa siku hiyo hiyo.

Unene hupimwa kwa sehemu za elfu moja za inchi. Pakiti iliyoandikwa 10–46 ina maana kwamba uzi mwembamba kuliko wote una unene wa 0.010 ya inchi na mnene kuliko wote 0.046. Pakiti za 9–42 ni laini zaidi kwa vidole na hupendwa na wanaoanza. Zikifungwa kwenye gita la kipimo cha inchi 25.5 na kuwekwa katika sauti ya kawaida, nyuzi sita za 10–46 huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 47 kwa pamoja. Huo ni uzito wa nusu gunia la mahindi, na unabebwa na waya mwembamba mchana kutwa. Hapo ndipo ubora wa chuma na wa kazi unapoonekana.

Jina linatoka wapi

Miongoni mwa majina yaliyozoeleka duniani ni D'Addario, Ernie Ball na GHS ya Marekani, na Rotosound ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1958. Habari ya Ernie Ball inamfaa kila mwenye duka dogo. Alikuwa na duka la magita huko California, akaona wanafunzi wanapata taabu kukunja uzi wa tatu, ambao wakati huo ulikuwa mnene mno. Aliomba kampuni kubwa ya magita itengeneze nyuzi laini, ikakataa. Akaagiza mwenyewe kwa mtengenezaji, na mwaka 1962 nyuzi zake za Slinky zikaingia sokoni. Biashara yote hiyo ilizaliwa na malalamiko ya wateja yaliyosikilizwa kaunta.

Upande wa bei nafuu, jina linaloonekana mara nyingi ni Alice kutoka Guangzhou, China, pamoja na pakiti nyingi zenye majina yasiyojulikana. Mfanyabiashara anapaswa kutenganisha makundi matatu, kwani kuyachanganya ndilo kosa kubwa la soko hili:

1. Nyuzi zenye jina, zinazotoka kwa mtengenezaji aliyekwisha kujijengea sifa.

2. Nyuzi za bei nafuu halali, zinazouzwa kwa jina lake zenyewe bila kumdanganya mtu.

3. Nyuzi bandia, zinazovaa pakiti ya jina kubwa huku ndani mkiwa na waya wa asili isiyojulikana.

Kundi la pili si la kudharauliwa. Ni bidhaa ya uaminifu kwa mwenye kipato kidogo. Kundi la tatu ni wizi, hata kama bei yake inavutia. Aidha, jina pekee halielezi kiwanda. Wapo wenye majina ambao hawana kiwanda na huagiza kwa mtengenezaji mwingine, kwa hiyo pakiti mbili za majina tofauti zaweza kuwa zimetoka mashine moja.

Tofauti yenyewe ni ipi

Siku ya kwanza tofauti ya sauti kati ya nyuzi nafuu na zenye jina mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Nyuzi zote mpya hung'aa. Wapigaji wengi wakifumbwa macho wangepata taabu kuzitambua. Tofauti hujitokeza katika mambo manne.

La kwanza ni ulinganifu. Uzi ambao unene wake haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho hauwezi kukaa katika sauti sahihi shingo nzima. Utakuwa sawa ukiwa wazi, na utapotoka ukibonyezwa juu. La pili ni mzunguko wa waya wa nje: ukilegea, uzi hufa sauti mapema au hutoa mlio wa kuzizima. La tatu ni pale uzi unapofungwa kwenye kishikizo chake cha mwisho. Msokoto ukiwa dhaifu hufunguka wakati wa kukaza, na mteja husema uzi "umekatika" wakati umefumuka. La nne ni pakiti. Chuma hakipendi unyevu, na pakiti ya karatasi tupu iliyokaa rafuni msimu mzima wa mvua yaweza kuwa na kutu kabla haijafunguliwa. Watengenezaji wenye jina wengi hutumia mfuko uliozibwa usiopitisha hewa.

Adui mkubwa wa uzi ukishafungwa ni jasho. Joto la Kilosa na Mikumi hutoa jasho jingi kuliko baridi ya milimani, na vumbi likichanganyika na jasho hukaa katikati ya mizunguko ya waya. Tangu mwaka 1997 zipo nyuzi zilizofunikwa utando mwembamba, zilizoanzishwa na Elixir, ambazo hudumu zaidi lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kitambaa kikavu cha kufutia nyuzi baada ya kila ibada au dansi huongeza maisha ya nyuzi za bei yoyote, nacho hakigharimu kitu.

Hesabu ya mpigaji

Tarakimu zifuatazo ni za mfano, zimewekwa ili kuonyesha njia ya kukokotoa. Kila mmoja aweke bei za wiki yake.

Ichukuliwe kwamba kwaya inapiga mara tatu kwa wiki. Pakiti nafuu ni shilingi 6,000 na hudumu wiki 3. Pakiti yenye jina ni shilingi 24,000 na hudumu wiki 8. Gharama ya wiki kwa nyuzi nafuu ni shilingi 2,000, na kwa zenye jina ni shilingi 3,000. Nyuzi nafuu zimeshinda.

Sasa iongezwe kasoro. Ikiwa katika kila pakiti nafuu nne moja haifai, kwaya imelipa shilingi 24,000 kwa pakiti tatu zinazotumika, yaani shilingi 8,000 kila moja. Gharama ya wiki inapanda hadi shilingi 2,667 hivi. Bado nafuu inaongoza, ingawa kwa kiasi kidogo.

Hesabu hiyo ni ya mtu anayeishi karibu na duka. Mkazi wa Lumuma ana jambo la tatu, nalo ni safari. Ikiwa kwenda na kurudi ni shilingi 10,000 na kila pakiti nzima inahitaji safari yake, pakiti nafuu inafikia shilingi 18,000 kwa wiki 3, sawa na 6,000 kwa wiki. Yenye jina inafikia 34,000 kwa wiki 8, sawa na 4,250. Mshindi amebadilika, na kilichombadilisha ni barabara, si ubora wa chuma.

Kiongozi wa kwaya mwenye busara atasema: basi ninunue pakiti nafuu nne kwa safari moja. Hesabu yake ni 24,000 za nyuzi na 10,000 za nauli, jumla 34,000, sawa kabisa na safari ya kununua pakiti moja yenye jina. Pakiti nne, moja ikiwa mbovu, zinampa wiki 9. Pakiti moja yenye jina inampa wiki 8. Tofauti ni wiki moja tu.

Kwa hiyo fedha peke yake haiamui tena. Kinachoamua ni hasara ya siku yenyewe. Anayejifunza nyumbani, uzi ukikatika, hucheka akalala. Bendi iliyochukua malipo ya awali ya harusi, uzi ukikatika ikiwa haina akiba, hurudisha fedha za watu. Wa kwanza anafaa kununua nafuu. Wa pili afunge zenye jina na kubeba pakiti nafuu kama akiba.

Hesabu ya mwenye duka

Mambo ya kaunta ni tofauti. Kwa mfano, pakiti nafuu hununuliwa shilingi 4,000 na kuuzwa 6,000. Yenye jina hununuliwa 18,000 na kuuzwa 24,000. Faida ghafi ya nafuu ni 2,000, yaani asilimia 50 ya mtaji wake. Ya yenye jina ni 6,000, lakini hiyo ni asilimia 33 tu. Kwa haraka mtu atajaza rafu nyuzi nafuu.

Lakini mteja wa Lumuma anajua nyumbani kwa mwenye duka. Pakiti mbovu itarudi. Mwenye duka akiibadilisha nzima, atakuwa ameuza pakiti nne na kutoa ya tano bure. Faida ya 8,000 itapungua hadi 4,000, na mtaji uliotumika ni 20,000. Asilimia 50 imekuwa asilimia 20, chini ya ile ya nyuzi zenye jina.

Akikataa kubadilisha, anaokoa shilingi 4,000 na kupoteza mteja ambaye pia hununua sukari na mafuta ya taa.

Ipo njia ya kati. Mara nyingi kinachoharibika ni uzi mmoja, na unaoongoza kwa kukatika ni ule mwembamba wa kwanza. Mwenye duka akiweka nyuzi za moja moja zilizonunuliwa kwa shilingi 1,000, atabadilisha uzi badala ya pakiti. Katika pakiti nne faida ya 8,000 inapungua hadi 7,000 tu, kwa mtaji wa 17,000. Hiyo ni asilimia 41. Mteja ametendewa haki, na duka limelinda faida yake. Zaidi ya hapo, nyuzi za moja moja zenyewe huuzwa kwa wasioweza kununua pakiti.

Mwenye shilingi 100,000 za kuanzia angeweza kuzigawa hivi: pakiti nafuu 12 kwa 48,000, nyuzi nyembamba 14 za moja moja kwa 14,000, na pakiti 2 zenye jina kwa 36,000. Jumla ni 98,000. Pakiti mbili zenye jina zitatoka polepole, lakini ndizo zinazomfanya mpigaji wa bendi aingie dukani.

Jambo la msimu lisisahaulike. Fedha ya Lumuma hufuata vitunguu. Mzigo unaonunuliwa mavuno yanapokaribia hugeuka fedha upesi. Ule ule ukinunuliwa wakati mifuko ya watu imekauka hulala rafuni, mtaji ukilala nao na kutu ikianza kazi.

Kujikinga na nyuzi bandia

Kilosa ipo kwenye Reli ya Kati, na tangu mwaka 2024 treni za reli ya kisasa za kati ya Dar es Salaam na Dodoma nazo zinapita wilayani humo. Safari imekuwa nyepesi kwa mnunuzi wa kweli na kwa anayesambaza bandia pia. Mfanyabiashara anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Pakiti yenye jina kubwa inayouzwa kwa bei ya nyuzi nafuu itiliwe shaka. Hakuna muuzaji wa jumla anayegawa zawadi.

2. Alama za mtengenezaji zijulikane. Nyuzi za D'Addario za umeme, kwa mfano, zina vishikizo vya rangi: fedha kwa uzi wa kwanza, zambarau wa pili, kijani wa tatu, nyeusi wa nne, nyekundu wa tano, na rangi ya shaba ya njano wa sita. Kampuni hiyo pia huweka namba ya siri ndani ya pakiti ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwake. Rangi pekee si ushahidi wa kutosha, kwani nayo huigwa.

3. Maandishi yasomwe moja moja. Herufi iliyokosewa, wino uliofifia au mfuko usiozibwa ni dalili mbaya.

4. Risiti ya mashine ya kielektroniki idaiwe. Bila risiti, mwenye duka hana pa kurudi wala utetezi.

Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa zenye alama za kughushi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Mzigo bandia ukikamatwa hutaifishwa. Asilimia 50 ya faida haina maana kwa mzigo uliochukuliwa wote.

Jaribio la wiki tatu

Kabla ya kuagiza pakiti 12, inunuliwe moja ya kila aina. Apatikane mpigaji mmoja na gita moja. Zifungwe nyuzi za aina ya kwanza, zikazwe hadi sauti ya kawaida, kisha zipimwe hivi: uzi upigwe ukiwa wazi, halafu ubonyezwe kwenye chuma cha 12 cha shingo. Sauti ya pili iwe ile ile ya kwanza, juu kwa oktava moja. Daraja la gita likiwa limerekebishwa na bado uzi mmoja unapotoka, uzi huo haulingani unene. Fundi wa karakana mwenye maikromita anaweza kuthibitisha kwa dakika moja.

Baada ya hapo iandikwe tarehe ya kufunga, siku zilizopigwa, uzi uliokatika na pale ulipokatikia. Ukikatikia mahali pale pale kila mara, yaelekea kosa ni la ncha kali kwenye daraja au kigingi, na nyuzi za bei yoyote zitakatika hapo. Mpigaji aambiwe alipeleke gita kwa fundi kabla hajazilaumu nyuzi. Aina ya pili ifuate baadaye kwa mpigaji yule yule na gita lile lile.

Karatasi hiyo moja yenye tarehe ina thamani kuliko maneno ya muuzaji wa jumla, kwa sababu imeandikwa kwa jasho na vumbi la hapo hapo. Mteja akiuliza zipi nzuri, mwenye duka atamwonyesha, na kumuuliza naye anapigia wapi: nyumbani, kanisani au harusini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, iwe ya jina kubwa au ya bei nafuu.